Haki ya Kukarabati Haitoshi: Muziki Ulioachwa Nyuma Japani

Wasomaji wangu wamezoea kunikuta nikijadili bajeti, katiba na mwenendo wa vyuo vikuu vyetu, hivyo baadhi watashangaa kuniona leo nimeshika bisibisi. Nawaomba wanivumilie. Hoja ninayoileta ni ya kisiasa tangu mwanzo hadi mwisho, ila mfano unaoibeba umelala ndani ya sanduku la plastiki la kijivu lililotengenezwa kwa ajili ya watoto wa Marekani katika miaka ya 1980. Mjadala wa haki ya kukarabati umekuwa maarufu duniani, na wanaharakati wa kwetu nao wameanza kuupokea. Ni mjadala mzuri, lakini naona umejengwa juu ya dhana pungufu. Unachukulia kwamba kitu kilitoka kiwandani kikiwa kamili, kikaharibika mikononi mwa mnunuzi, na sasa mnunuzi anaomba ruhusa ya kukirudisha kilivyokuwa. Je, kama kilitoka kiwandani kikiwa kimepunguzwa kwa makusudi?

Tarehe 15 Julai 1983 kampuni ya Nintendo ilianza kuuza nchini Japani mashine ya michezo ya video iliyoitwa Family Computer, jina ambalo watu walilifupisha kuwa Famicom. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1985, mashine ile ile, ikiwa imevalishwa sanduku jipya, iliingizwa sokoni New York kwa jina la Nintendo Entertainment System, yaani NES. Soko la michezo ya video la Marekani lilikuwa limeporomoka mwaka 1983, na wenye maduka hawakutaka hata kulisikia neno lenyewe. Ndiyo maana NES ilitengenezwa ifanane na deki ya video, kaseti ikiingizwa kwa mbele, na ikauzwa pamoja na roboti mdogo wa plastiki ili ionekane ni mwanasesere wa aina mpya. Hayo ni mambo ya biashara na sina ugomvi nayo.

Ugomvi uko kwenye sauti. Ndani ya mashine zote mbili kulikuwa na mtambo mmoja wa sauti wenye mikondo mitano: miwili ya wimbi la mraba ambayo aghalabu hubeba mahadhi, mmoja wa wimbi la pembetatu unaofanya kazi ya besi, mmoja wa mchakarisho unaoiga ngoma na matoazi, na mmoja wa kuchezea vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa. Kwa mtunzi wa muziki huo ni umaskini mkubwa. Wahandisi wa Famicom walilijua hilo, wakaacha njia ya kuongezea. Tundu la kaseti la Famicom lina pini 60. Sauti ya mashine hutoka kupitia pini ya 45, huingia ndani ya kaseti, kisha hurudi kupitia pini ya 46 kabla ya kuelekea kwenye televisheni. Kaseti ya kawaida huziunganisha pini hizo mbili kwa njia fupi ya shaba, na sauti hupita kama ilivyokuja. Lakini kampuni iliyotaka ala zaidi iliweza kuweka chipu yake ndani ya kaseti, ikachanganya sauti yake na ile ya mashine, na mchanganyiko huo ndio uliosikika sebuleni.

Ruhusa hiyo ilizaa matunda. Mfumo wa diski ulioongezwa kwenye Famicom mwaka 1986, ambao uliuzwa Japani pekee, ulikuja na mkondo wake wa ziada wa sauti, na mchezo wa The Legend of Zelda ulitoka kwa mara ya kwanza ukiutumia. Namco walikuwa na chipu yao. Sunsoft walikuwa na yao, iliyosikika katika mchezo wa Gimmick! mwaka 1992. Konami walikwenda mbali kuliko wote: mwaka 1991 mchezo wao wa Lagrange Point ulibeba ndani ya kaseti chipu iliyotokana na teknolojia ya Yamaha, yenye mikondo sita ya ziada, na anayeusikia leo huona shida kuamini kwamba sauti ile inatoka kwenye mashine ya mwaka 1983.

Mfano unaojulikana zaidi ni mchezo wa Konami uitwao Akumajō Densetsu, uliotoka Japani Desemba 1989. Chipu iliyokuwamo, VRC6, iliongeza mikondo miwili ya wimbi la mraba na mmoja wa wimbi la meno ya msumeno, ule wenye mkwaruzo unaokaribia fidla. Hidenori Maezawa na wenzake hawakuitumia kama pambo. Waliandika muziki wa sauti nane, zikijibizana, zikipokezana, zikijaza nafasi ambazo sauti tano huziacha wazi. Mwaka uliofuata mchezo huo ulifika Marekani kwa jina la Castlevania III: Dracula's Curse. Ramani ni zile zile, maadui ni wale wale isipokuwa marekebisho machache, lakini muziki umekunjwa ukaingizwa katika mikondo mitano. Waliofanya kazi hiyo ya kukunja walikuwa mahodari, na wako wanaolipenda toleo la Marekani hadi leo. Hata hivyo anayesikiliza matoleo yote mawili kwa mfuatano ataelewa ninachokisema. Ni sawa na kuisikiliza taarabu ya Unguja iliyonyang'anywa kanuni na nusu ya fidla: wimbo unatambulika, maneno hayajabadilika, ila unajua kuna watu hawakufika ukumbini.

Kwa nini Wamarekani hawakupewa sauti zile? Jibu linalotolewa haraka ni gharama au uwezo wa mashine. Naomba tuhesabu pini. Tundu la kaseti la Famicom lina pini 60. La NES lina pini 72. Mashine ya Marekani, kwa hiyo, ilikuwa na nafasi zaidi ya mashine ya Japani. Pini mbili za sauti ziliondolewa, zikabaki 58. Zikaongezwa pini 10 zinazoelekea kwenye tundu la upanuzi lililofichwa chini ya mashine. Na zikaongezwa pini nne za kufuli. Ndiyo 72.

Pini hizo nne zinastahili aya yao. Ndani ya NES kulikuwa na chipu iliyozungumza na chipu pacha ndani ya kila kaseti. Zikishindwa kuelewana, mashine hujizima na kujiwasha kila baada ya sekunde moja hivi, bila kukoma. Nintendo peke yake ndiyo iliyokuwa na haki ya kutengeneza chipu hiyo, na kwa njia hiyo iliamua nani atengeneze michezo na kwa masharti gani. Kampuni iliyopewa leseni haikuruhusiwa kutoa zaidi ya michezo mitano kwa mwaka, mchezo wenyewe haukupaswa kupelekwa kwa mshindani kwa miaka miwili, na kaseti aghalabu zilitengenezwa na Nintendo yenyewe, kwa chipu za Nintendo. Konami waliokuwa na karakana yao na ubunifu wao Japani walipofika Marekani wakawa wapangaji. VRC6 haikuwa na mahali pa kukaa.

Nataka niwe muadilifu hapa, maana ni rahisi kugeuza historia kuwa hadithi ya jambazi na mateka. Hakuna aliyekaa kikao akaamua kuwaibia watoto wa Chicago muziki. Ilipotoka NES mwaka 1985, muziki wa VRC6 haukuwapo bado, ulikuja baadaye. Tena wahandisi hawakuifunga njia kabisa: zile pini 10 zinashuka hadi kwenye tundu la chini ya mashine, na katika tundu hilo hilo kuna pini ya kupokelea sauti. Inaonekana walidhani kwamba siku moja kitauzwa kifaa cha kuchomekwa pale, na kifaa hicho kitaikamilisha njia. Hakuna kifaa rasmi cha namna hiyo kilichowahi kuuzwa. Tundu lilibaki limezibwa kwa kifuniko cha plastiki, na wamiliki wengi wa NES waliishi na kuzeeka bila kujua kuwa lipo. Hili ndilo linalonisumbua zaidi kuliko njama yoyote: uamuzi mkubwa kuhusu nini kitakachosikika ulifanywa bila mtu kuona kwamba anafanya uamuzi. Kilichopewa kipaumbele kwenye mchoro kilikuwa kufuli. Muziki ulikuwa jambo la baadaye, na baadaye haikufika.

Sasa tuje kwa mafundi. Mpenzi wa michezo wa Marekani au Ulaya akiagiza kaseti ya Akumajō Densetsu kutoka Japani, atahitaji adapta ya kutoka pini 60 kwenda pini 72, yenye chipu ya kufuli ndani yake. Ataiwasha, na mchezo utacheza vizuri kabisa, isipokuwa sauti tatu hazitasikika. Muziki utakuwa na mashimo. Mahali pengine mahadhi yenyewe yatatoweka na kubaki kiitikio. Chipu ya VRC6 inafanya kazi muda wote huo. Inaimba, lakini waya wa kuitoa sauti yake haupo.

Tiba yake ni ndogo kiasi cha kuchekesha. Mashine inageuzwa, kifuniko cha tundu la chini kinaondolewa, na rizista moja ya kiloohm 47 inalehemiwa kati ya pini ya 3 na pini ya 9. Pini ya 3 ndiyo ya kupokelea sauti. Pini ya 9 ni mojawapo ya zile 10 zinazotoka kwenye kaseti. Adapta nayo inabidi iunganishwe kwa waya mmoja ili sauti ya kaseti ifike kwenye pini hiyo. Basi. Rizista ya aina hiyo ni miongoni mwa vitu vya bei ya chini kabisa katika duka lolote la vifaa vya elektroniki. Kipimo cha 47 hakikutoka kiwandani. Ni makubaliano ya mafundi wenyewe, na bado wapo wanaobishana kwamba kinazipa sauti za ziada nguvu kupita kiasi au pungufu, kwa sababu kila chipu ina ukali wake. Wengine huweka rizista ya kuzungusha ili kila mmoja apime kwa sikio lake. Mabishano hayo ni dalili njema: watu wanaobishana juu ya uwiano wa fidla na besi wameshaacha kuwa wateja tu.

(Kwa vijana watakaoshawishika kuagiza Famicom yenyewe badala ya kuhangaika na adapta: umeme wa Japani ni volti 100. Mkichomeka adapta yake ya umeme moja kwa moja kwenye ukuta wa Dar es Salaam mtasikia muziki wa aina nyingine.)

Turudi kwenye hoja. Fundi huyu amefanya nini? Hakukarabati, kwa sababu mashine haikuharibika. Hakuvunja kufuli, kwa sababu kufuli bado lipo na linafanya kazi yake kama siku ya kwanza. Hakuiba, kwa sababu kaseti ameinunua na mashine ameinunua. Ameunganisha pini mbili ambazo mtengenezaji aliziacha bila kuunganishwa. Ametimiza jambo lililokuwa limewezekana tangu awali. Katika msamiati wa sheria nyingi zinazojadiliwa leo kwa jina la haki ya kukarabati, tendo hilo halina jina.

Tazameni Umoja wa Ulaya. Maelekezo yake ya mwaka 2024 kuhusu kukarabati bidhaa ni hatua kubwa, na nchi wanachama zimetakiwa kuyatekeleza kuanzia Julai 2026. Yanamtaka mtengenezaji akarabati hata baada ya dhamana kwisha, na yanamzuia kutumia hila za programu au za vifaa kumkwamisha fundi. Lakini orodha yake ni ya mashine za kufulia, majokofu, simu na vitu vya namna hiyo. Mashine za michezo hazimo. Na hata zingekuwamo, lengo la maelekezo hayo ni kuirudisha bidhaa katika hali yake ya awali. Hali ya awali ya NES ni ile isiyo na fidla.

Marekani wenyewe wamepita njia ndefu zaidi na ya kufundisha zaidi. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa ya huko iliamua kesi kati ya Nintendo na kampuni ya Galoob, iliyouza kifaa kiitwacho Game Genie. Kifaa hicho kilichomekwa kati ya kaseti na NES, kikabadilisha mambo madogo katika mchezo: maisha zaidi, kuruka juu zaidi. Nintendo ilidai kwamba huko ni kutengeneza kazi mpya kutokana na kazi yake bila idhini. Mahakama ilikataa. Kwa ufupi, aliyenunua mchezo anaweza kuuchezea atakavyo nyumbani kwake, na anayemuuzia chombo cha kufanya hivyo si mhalifu. Galoob walilipwa takriban dola milioni 15 kwa hasara ya muda ambao kifaa chao kilizuiwa kuuzwa. Ninawashauri wanafunzi wa sheria waisome hukumu hiyo, kwa sababu inashughulikia haki ambayo ni pana kuliko kukarabati: haki ya mwenye mali kuifanya mali yake iwe tofauti na alivyoikusudia muuzaji.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1996 dunia ilipata mkataba wa hakimiliki wa WIPO, unaozitaka nchi kuzilinda kinga za kiteknolojia, na mwaka 1998 Marekani ikautafsiri kwa sheria kali iliyofanya tendo la kukwepa kufuli kuwa kosa, hata kama aliyelikwepa hakunakili chochote. Kila baada ya miaka mitatu watu hupanga foleni kuomba misamaha. Mwaka 2021 walipata msamaha kuhusu mashine za michezo, na maneno yake ni funzo tosha: unaweza kukwepa kufuli ili kubadilisha kisomeo cha diski kilichoharibika, na ukimaliza ni lazima ulirudishe kufuli mahali pake. Yaani fundi anaruhusiwa kuingia nyumbani mwake mwenyewe kwa sharti la kutoka na kufunga mlango. Huo ndio ukomo wa haki inayoishia kwenye kukarabati.

Na Afrika Mashariki? Niseme kwanza kwamba wengi wa rika langu hawakuwahi kuiona NES halisi. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo, tena ya rangi, tangu 1973. Michezo ya video ilipotufikia majumbani, aghalabu ilitufikia kwa mashine za kuiga zilizotoka mashariki ya mbali, zenye kaseti za michezo mingi kwa pamoja, ndugu wa zile zilizoenea Urusi kuanzia 1992 kwa jina la Dendy. Sisi tulikuwa mwisho wa foleni, tukapokea nakala. Sioni haya kulisema hilo, wala sidai kwamba muziki wa Maezawa ulinyimwa kwetu sisi. Uliachwa Japani kabla haujafika hata kwa matajiri.

Lakini utaratibu wa kutuma kitu pungufu kwa anayeaminiwa kuwa hatatambua tunaufahamu sana, na mfano ulio karibu nasi zaidi ni redio. Simu janja nyingi zina chipu yenye uwezo wa kupokea redio ya FM. Mtengenezaji akiamua, chipu hiyo inaunganishwa na programu inawekwa, na mwenye simu anasikiliza taarifa ya habari bila kutumia bando hata kidogo. Akiamua vinginevyo, uwezo ule ule unalala ndani ya simu mpaka siku inapotupwa. Septemba 2017, baada ya vimbunga kuvunja minara ya simu Marekani, mwenyekiti wa mamlaka ya mawasiliano ya huko, Ajit Pai, aliitaka hadharani kampuni ya Apple iwashe chipu za FM kwa ajili ya usalama wa watu. Apple walijibu kwamba matoleo yao ya wakati huo hayakuwa na chipu hizo wala antena zake. Kuhusu simu za zamani zaidi mjadala ulibaki pale pale. Kama serikali ya Marekani ilibidi ibembeleze, mkulima wa Namtumbo anayepimiwa bando kwa siku atamwambia nani? Na akienda kwa fundi, fundi atamuuliza simu ina tatizo gani, naye atajibu kwamba haina tatizo lolote.

Hilo jibu la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Sheria zetu nazo hazina nafasi yake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inahesabu kukwepa kinga ya kiteknolojia kuwa ukiukaji. Kwa upande wa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya udanganyifu na bidhaa hatari. Ni ulinzi wa lazima, lakini kupunguzwa kwa bidhaa si udanganyifu iwapo boksi halikuahidi kitu, wala si hatari iwapo hakuna anayeumia. Mtu anaweza kutii sheria zote hizo na bado akamuuzia raia chombo kilichofungwa nusu.

Najua pingamizi litakalokuja kwanza, maana nimeshalisikia katika semina zaidi ya moja: ukiwaruhusu watu kufungua mashine, umewaruhusu kuiba kazi za wasanii. Mimi ni mtu ninayeishi kwa kuandika, siwezi kulidharau pingamizi hilo. Ila lipimeni kwa mfano wetu. Rizista ya kiloohm 47 haimnyimi Maezawa hata senti, inamrudishia wasikilizaji. Mwaka 2019 Konami wenyewe walitoa upya michezo hiyo katika mkusanyiko wa maadhimisho, na baadaye wakaongeza matoleo ya Kijapani, sauti zote nane zikiwamo. Mwenye mali alikuja kuthibitisha, miaka 30 baadaye, kwamba mafundi walikuwa wakimtumikia. Lagrange Point nayo haijawahi kutolewa rasmi nje ya Japani hadi leo. Wanaoifahamu wanaifahamu kwa kazi ya mashabiki walioitafsiri na kuifungulia njia. Utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani haipatikani tena sokoni kwa njia halali. Anayesema wenye hakimiliki watatuhifadhia wenyewe anapaswa kuieleza asilimia hiyo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa wahandisi: si kila kitu kifaacho kufunguliwa kifunguliwe na kila mtu. NES hupokea volti 9 kutoka kwenye adapta yake ya nje, na fundi akikosea ameharibu mashine yake tu. Mashine ya kutolea dawa ya usingizi hospitalini ni jambo jingine. Nakubali kabisa. Ninachokataa ni kulifanya jambo hilo kuwa sababu ya kumnyima hospitali mchoro wa mashine aliyoilipia. Fundi sanifu wa hospitali ya mkoa hahitaji ruhusa ya kubahatisha. Anahitaji kujua ndani mna nini, kipi kimezimwa na nani amekizima.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenzetu walio katika vitengo vya manunuzi na sheria serikalini ni mahususi. Mnapoandaa zabuni ya mita za maji, ya vishikwambi vya shule, ya matrekta au ya vifaa vya maabara, acheni kuridhika na kipengele kinachosema muuzaji atatoa vipuri na mafunzo ya matengenezo. Mtakeni atamke kwa maandishi uwezo wote uliomo ndani ya kifaa, ukiwamo ule aliouzima kwa ajili ya soko letu, na sababu ya kuuzima. Mtakeni akabidhi mchoro wa umeme pamoja na maana ya kila pini. Na mnapoifanyia marekebisho sheria yoyote inayogusa kinga za kiteknolojia, msiishie kwenye neno kukarabati. Andikeni pia kukamilisha, kurekebisha na kubadili kwa matumizi halali ya mwenye mali, na semeni wazi kwamba anayeuza zana ya kufanyia kazi hiyo, au kumfundisha kijana wa VETA namna ya kuifanya, hatendi kosa. Najua kikwazo mtakachokutana nacho. Muuzaji atasema makao makuu hayamruhusu. Mjibuni kwamba na nyinyi mnayo makao makuu.

Kuhusu wanafunzi wangu, nina jambo dogo la kuwaomba. Mahali pa kuanzia si kwenye sheria. Tafuteni simu moja ya zamani isiyotumika, mwulizeni fundi mnayemwamini aifungue mbele yenu, na mwandike orodha ya vitu vilivyomo ambavyo simu haijawahi kuwaambia kwamba inavyo. Nileteeni orodha hizo kabla ya mwisho wa muhula. Nitazisoma moja moja, na zile zitakazonishangaza nitaziandikia makala ya pili.